Fremu ya Njano Bondeni: Mastaa, Signal Hill na Watoto wa Dar Wasioingia Kwenye Picha

Picha yenyewe unaijua, mtu wangu. Umeshaiona mara mia na Desemba hii utaiona tena. Staa kasimama ndani ya fremu kubwa ya njano, kavaa miwani ya jua wakati jua lenyewe linazama, kanyoosha mikono kama ndege inayotua. Nyuma yake mlima uliosawazika juu kama umepigwa randa. Picha ya pili kageukia baharini: ghuba pana, meli zimetia nanga, maji yamegeuka dhahabu. Kapsheni: "Kutoka mtaani mpaka hapa. Kaza, utatoboa. Mungu hamtupi mja wake." Chini yake moto, moto, mataji, na shabiki mmoja wa Mbagala kaandika "mzee umeua".

Pale ni Signal Hill, Cape Town, Afrika Kusini. Bondeni. Na kuna kichekesho kidogo hapo, kwamba nchi ambayo Wabongo wenyewe wameibatiza Bondeni ndiyo ambayo kila staa akitua anakimbilia mlimani.

Liwekwe wazi mapema ili watetezi wasianze kutukana: kupendeza, kunapendeza. Signal Hill una urefu wa mita 350 hivi, gari linapanda mpaka juu, na hakuna mtu wa kukukatia tiketi. Upande mmoja unaiona Table Mountain, mita 1,085. Pembeni yake Lion's Head, kilima chenye ncha, mita 669, ambacho watu wanakipanda kwa miguu usiku wa mwezi mpevu. Mbele ni Atlantiki na ghuba yenyewe, Table Bay, na mji wote umekaa chini kama sinia. Mwezi wa 12 jua linazama karibu na saa 2 usiku, kwa hiyo mtu anakula chakula cha jioni taratibu, anabadilisha nguo, ndiyo anapanda. Kuna watu wanarukia hapo hapo na miamvuli ya kuruka angani na kwenda kutua Sea Point, chini kwenye nyasi za ufukweni. Anayesema mahali pale si pazuri huyo ana mambo yake.

Kwa hiyo hakuna anayemkataza staa kupanda. Hela yake, au ya yule aliyemlipia, na hilo la nani kalipa litafika muda si mrefu. Ishu ni kwamba ile picha inasema uongo. Inasema uongo kwa kukata. Na uongo wenyewe unasemwa kwa Kiswahili, kwa watu wanaosoma Kiswahili, wengi wao wana miaka 17, 19, 22, wako geto na bando la buku, wanaamini.

Anza na kile kisiwa.

Muigizaji mmoja wa kike, mwenye wafuasi wa kujaza uwanja mara kadhaa, alisimama pale juu akavuta kamera mpaka kwenye kisiwa tambarare kilicho katikati ya maji, akaandika: "Bebi, nataka hiki kisiwa kwa birthday yangu." Mashabiki wakafa kwa raha. Malkia, jiachie, unastahili. Ilichukua muda mpaka mtu mmoja mstaarabu akamuandikia taratibu kwamba dada, hiyo ni Robben Island. Gereza. Nelson Mandela alifungwa miaka 27, na 18 kati ya hiyo aliimalizia pale, kuanzia 1964 hadi 1982, akivunja mawe kwenye machimbo ya chokaa ambayo mwanga wake uliharibu macho ya wafungwa. Robert Sobukwe alifungiwa kwenye nyumba ya peke yake pale pale, asiongee na wenzake. Posti ikafutwa. Baada ya kama saa moja ikarudi, picha ile ile, gauni lile lile, tabasamu lile lile, kapsheni mpya: "Rest in peace Madiba". Na mkono wa maombi.

Hiyo unaweza kucheka ukapita. Siku inayofuata wanashuka Bo-Kaap, mtaa wa nyumba za rangi chini ya mteremko wa mlima ule ule, kwa ajili ya nguo ya pili. Pinki, kijani, njano, bluu. Staa anakaa kwenye baraza la watu kama kalipa kodi, mpigapicha anamwambia kidevu juu, na mama mwenye nyumba anachungulia pazia. Wenyeji wa Bo-Kaap wamelalamikia jambo hili miaka na miaka. Wale ni wajukuu wa watumwa na wa watu waliohamishwa kwa nguvu. Waliouzwa Cape walitoka Indonesia, India, Madagaska, Msumbiji na mwambao huu wa Afrika Mashariki. Kuna msikiti pale, Auwal, tangu 1794. Imamu wake wa kwanza, Tuan Guru, aliletwa Cape mwaka 1780 akiwa mfungwa, akafungwa kwenye kisiwa kile kile cha birthday, na huko ndiko alikoandika Qur'ani kwa mkono akiitoa kichwani. Kaburi lake liko Tana Baru, makaburi yaliyo kwenye ubavu wa Signal Hill. Serikali ya kikoloni ilipoyafunga makaburi hayo mwaka 1886, watu walibeba jeneza wakaenda kuzika kwa nguvu, mji ukawaka. Mtu anapanda na gari la kukodi, anapita juu ya yote hayo, anauliza kama mlimani kuna intaneti.

Sawa. Hiyo ni historia, na staa anaweza kujitetea kwamba hakufundishwa shuleni. Lakini kuna kitu kingine kwenye ile ghuba ambacho hakihitaji shule. Kinahitaji masikio tu, maana kinaongea Kiswahili.

Ukiwa pale juu, angalia bandari. Sio upande wa Waterfront wenye gurudumu kubwa na mikahawa. Sogeza macho kulia kidogo, kwenye makontena na korongo za kupakulia mizigo. Kati ya bandari na mji kuna barabara za juu, nyingine zimekatika hewani tangu miaka ya 1970, hazijawahi kumaliziwa. Eneo linaitwa Foreshore. Moja ya barabara hizo ina jina la Nelson Mandela. Chini ya barabara hizo kwa miaka mingi wamekuwa wakiishi vijana wa Kitanzania. Sio hadithi ya kijiweni. Mwandishi wa Afrika Kusini, Sean Christie, alikaa nao, akafuatana nao, akaandika kitabu kizima kilichotoka 2016, Under Nelson Mandela Boulevard. Wengi wa vijana hao ni watoto wa Dar. Kwenye zege la chini ya barabara wameandika majina yao na misemo ya nyumbani, kwa Kiswahili, kwa rangi za kupuliza na mkaa.

Na hawako pale kwa sababu wanaipenda Cape Town. Wanaisubiri meli.

Kuzamia, kila mtu wa pwani analijua neno hilo. Unatoka Dar kwa basi au kwa lori, unavuka Malawi au Msumbiji, unaungaunga mpaka Johannesburg, kutoka hapo kilomita 1,400 nyingine mpaka Cape Town, maana Cape Town ndiyo kona ya bara ambapo meli za kila upande wa dunia zinapita. Unalala chini ya daraja. Unaosha magari, unaokota makopo, unalinda magari ya watu waliokwenda kula. Usiku unajaribu uzio wa bandari. Ukiingia melini, unajificha: kwenye shehena, chini ya sakafu za injini, mahali popote ambapo mtu mzima anaweza kukunjwa. Maji ya kunywa kwenye dumu, biskuti mfukoni. Hujui meli inaenda Brazili au Singapore.

Wanaoshikwa ni wengi kuliko wanaofika. Na kwa nini nahodha anamchukia mzamiaji kiasi kile? Hela. Akionekana, kampuni ya meli ndiyo inabeba gharama: chakula, walinzi, hati, tiketi ya ndege ya kumrudisha kwao, na siku za meli kukaa bandarini bila kazi. Bandari nyingi zinakataa hata kumshusha. Kwa hiyo kuna nahodha mwenye roho anayemfungia kabatini mpaka nchi kavu, na kuna wa aina nyingine. Mwaka 1992 kwenye meli moja iitwayo MC Ruby mabaharia waliwaua vijana wa Kiafrika waliozamia kutoka Ghana, wakawatosa baharini, na mmoja akabaki hai kuyasimulia. Mahakama ya Rouen, Ufaransa, iliwatia hatiani mwaka 1995. Hiyo ndiyo kesi iliyofika mahakamani kwa sababu mtu alipona.

Akirudishwa Dar kwa ndege, mzamiaji anafanya nini? Wengi wanaanza safari upya. Basi, mpaka, daraja lile lile.

Sasa rudi kwenye kapsheni. "Kaza, utatoboa."

Wale wamekaza. Hakuna mtu aliyekaza kuliko kijana aliyetembea nchi nne bila pasipoti na kulala kwenye zege la baridi la Cape Town mwezi wa 7, mvua ya Atlantiki inaingia kwa ubavu. Kama kutoboa kungekuwa ni kukaza, wale ndio wangekuwa kwenye fremu ya njano na staa angekuwa anawashikia mwamvuli. Staa anasimama mita 350 juu ya vijana wanaoongea lugha yake, pengine waliosoma shule moja na kaka yake, anawapa mgongo kabisa, kihalisia, mgongo kwa bandari na uso kwa kamera, halafu anawaandikia wadogo zao waliobaki Tandika kwamba tofauti kati ya juu na chini ni juhudi.

Na yeye alifikaje?

Hapo ndipo penye utamu wa udaku, na ndipo mastaa wanapokuwa mabubu ghafla. Mmoja wa bongo fleva, nyimbo mbili zilizovuma halafu kimya, alilipiwa safari nzima na kampuni ya kubeti: tiketi, hoteli, gari, mpaka mpigapicha. Kwenye posti 11 za wiki ile kampuni ilitajwa mara moja, kwa herufi za chini kabisa, chini ya alama za reli thelathini. Mwingine alikwenda kwa video ya wimbo wa mtu mwingine, akalala chumba kimoja na madansa wanne, akaposti chumba cha hoteli ambacho walikwenda kupigia picha tu wakafukuzwa. Wa tatu, mwenye kasri kwenye mitandao, mwenye nyumba wake Sinza anamtafuta. Kuna mrembo wa Nairobi naye alikuja kwa hisani ya mwanaume wa watu, akaandika "self made". Hakuna dhambi kulipiwa. Duniani watu wanalipiwa. Dhambi ni kulipiwa halafu kuandika kwamba ni jasho.

Maana kapsheni ile ni tangazo la biashara. Staa anauza matumaini. Ndiyo kazi inayomlipa. Kampuni haimpi hela kwa sauti yake, inampa kwa sababu vijana laki kadhaa wakimwona pale juu watasema "na mimi". Na mtu anayelipwa kwa ajili ya "na mimi" hawezi kuja baadaye kusema hahusiki na "na mimi" hiyo inakwenda wapi.

Watetezi wanasema: wivu. Hili ni jibu la kwanza siku zote, lina miaka mingi kazini na halijawahi kupewa likizo. Haya, tuseme ni wivu. Je, wivu unabadilisha ni nani amelala chini ya barabara?

Jibu la pili lina akili zaidi na linastahili kusikilizwa. Linasema: vijana walianza kuzamia meli kabla Instagram haijazaliwa. Babu zao walizamia. Kweli kabisa. Ajira ni ngumu, mtaani hakuna mchongo, bahari iko pale, na mtoto aliyekulia karibu na Kurasini anaziona meli zikitoka kabla hajajua kusoma. Hakuna mwimbaji aliyeumba hayo. Lakini zamani mzamiaji alikwenda akiwa na hadithi za kijiweni kutoka kwa mtu aliyerudi, na mtu aliyerudi alikuwa na makovu, meno yamepungua, akisimulia unamuona. Hadithi ilikuja na onyo lake. Siku hizi hadithi inakuja na fremu ya njano na wimbo wa nyuma, na msimuliaji ananukia. Mtanzania mwenye pasipoti haombi hata viza kwa matembezi mafupi Afrika Kusini, kwa hiyo kwenye simu inaonekana kama ni hapo tu, ni kama kwenda Morogoro na nauli imezidi kidogo. Hakuna anayekuambia kuhusu siku ya 91. Hakuna anayekumbusha kwamba mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa nchini humo kwenye mashambulizi dhidi ya wageni, na kwamba moto ule umewaka tena mara kadhaa tangu hapo.

Jibu la tatu: ni burudani tu, mnataka staa awe mwalimu wa uraia? Hapana. Hakuna aliyeomba hotuba. Tena hotuba zao zikianza ndiyo balaa kubwa zaidi, kama itakavyoonekana sasa hivi.

Kwa sababu yupo mmoja aliyeshuka. Alisikia kwamba chini kuna Wabongo, akaenda. Watu wakasema afadhali. Akaenda na wapiga video wawili, mikate, soda za chupa kubwa na kofia zenye nembo yake. Akawapanga vijana mstari. Kijana mmoja akaziba uso kwa mkono, na kwenye video unasikia sauti ikisema "acha aibu bro, salimia nyumbani". Salimia nyumbani! Kijana ambaye pengine mama yake anajua yuko Johannesburg kwenye duka la simu. Ambaye pengine yuko pale bila hati moja, na sura yake sasa iko kwenye simu ya kila polisi anayependa muziki. Video ikapata watazamaji wengi kuliko wimbo wake wowote wa mwaka ule. Mkate mmoja mmoja, kofia moja moja, na mzee akarudi juu kuwahi machweo.

Kwa hiyo kama hiyo ndiyo njia ya kuwaonyesha, bora wakae huko huko kileleni na miwani yao.

Kinachotakiwa ni kidogo mno, kidogo mpaka aibu. Sema nani kalipa. Neno moja: "nimealikwa". Usiandike "kaza" kama hukukaza, andika "nimepata bahati", Kiswahili kinayo maneno hayo. Geuza kamera nusu mzunguko, uoneshe na korongo za bandari, na zile barabara, bila sura ya mtu, na useme pale kuna ndugu zetu na hali si nzuri. Sekunde nane. Kama una chochote cha kuwapa, mpe mtu anayewajua, kuna misikiti na makanisa mji ule, na uzime simu. Halafu endelea na gauni lako.

Mashabiki nao hawatoki salama hapa. Ni nani anayetoa moto kwenye picha ya fremu na kupita kimya kwenye picha ya nyumbani? Binti mmoja mchekeshaji, wa kusini huyo, alipiga video yake nyumbani kwao Lindi, juu Mtanda, mteremko unaotazama ghuba nzima: minazi, mapaa ya mabati yameshika kutu, kivuko kinakatiza kwenda Kitunda, maji yametulia kama mafuta kwenye sufuria baridi. Jua la jioni lile lile, halina pasipoti. Aliambulia watazamaji wachache na mtu aliyemuuliza "umefulia?" Wiki mbili baadaye akaposti picha ya zamani ya Cape Town. Moto, moto, moto. Sasa unamlaumu nani?

Inafaa kujua kwamba jina la mlima ule halikuja kwa bahati. Signal Hill ni mlima wa ishara. Walisimama watu pale juu wakipandisha bendera kuambia meli zilizokuwa zinakuja kwamba hali ya hewa ni mbaya, au mahali gani pa kutia nanga. Mpaka leo kuna mizinga kwenye ubavu wa mlima, na mmoja hulipuliwa kila siku saa 6 kamili mchana isipokuwa Jumapili na sikukuu. Zamani mabaharia kwenye ghuba waliweka saa zao sawa kwa mlipuko ule, kwa sababu saa ikikosea melini, nahodha hajui yuko wapi, na asiyejua yuko wapi anagonga mwamba. Aliyekuwa juu aliona mbali kuliko aliye chini, na mshahara wake ulikuwa wa hilo: kuona, na kusema alichoona. Mastaa wamepanda kwenye kituo kile kile, wana vyombo vya kufikisha ishara kuliko bendera zote za karne mbili, na ishara wanayotuma ni kiatu.

Ukitaka kujua kwamba fremu ya njano si tatizo lenyewe, zipo nyingine za aina ile zilizowekwa sehemu mbalimbali za mji kuutazama Table Mountain. Moja iliwekwa Khayelitsha, mtaa wa watu weusi nje huko, juu ya Lookout Hill, kilima cha mchanga ambacho ukipanda unaona mabati mpaka macho yachoke, na ghuba nyingine ya pili, False Bay, kwa mbali, na mlima ule ule maarufu lakini kwa nyuma, mdogo, wa mbali. Huko ni uwanda wa Cape Flats, mahali ambako watu waliofukuzwa mjini walipelekwa kutupwa. District Six peke yake, baada ya kutangazwa eneo la wazungu Februari 1966, walihamishwa watu zaidi ya 60,000. Kwenye fremu hiyo mtafute staa mmoja wa Afrika Mashariki. Mmoja tu. Tafuta vizuri.

Watasema Khayelitsha ni hatari. Basi na hilo waseme. Waseme pia kwamba hata njia za miguu za Signal Hill na Lion's Head watu wanaporwa simu, kamera, viatu, ndiyo maana wenyeji wanaonya watu wasitembee peke yao jioni. Dansa mmoja aliporwa kila kitu akishuka kwa miguu, na bosi wake akamwomba asiseme mpaka kampeni iishe kwa sababu "itaharibu vibe". Hakusema. Alirudi Dar na simu ya kuazima.

Dansa huyo huyo, simu ya kuazima na yote, ndiye aliyefanya kile ambacho mabosi wake hawakufanya. Siku ya mwisho alipanda tena juu kwa gari la bure la hoteli, akarekodi kama sekunde arobaini, bila wimbo, upepo unapiga kwenye maiki. Alianzia kwenye fremu, akapita kisiwani, akasema "pale alifungwa Mandela", akashuka kwenye bandari, akasimama. Akasema: "Na pale chini ya zile barabara kuna Wabongo. Nimeongea nao jana. Mmoja anatoka mtaa wa pili na kwetu. Hajala." Akazima.

Ilipata likes mia mbili na kitu. Mastaa wote aliowachezea hawakuigusa. Kwenye maoni wengi walimuuliza fremu iko upande gani na nguo kanunua wapi, mmoja akamwambia anatafuta kiki. Na katikati ya hao, akaunti isiyo na picha, wafuasi 12, imeandika kwa herufi kubwa mwanzo mwisho, kama wanavyoandika watu wazima walioonyeshwa simu juzi: MWANANGU SAMAHANI HUYO WA MTAA WA PILI ANAITWA NANI ANA KOVU KWENYE NYUSI.

Dansa alijibu faragha. Bosi wake wiki hiyo alikuwa ameshatangaza safari ya Desemba.